Upepo Mbaya Utatolewa Jumanne

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Wewe uliyefungua daftari hili, tafadhali lifunge. Kama huwezi kulifunga, basi soma, lakini nakusihi kwa heshima zote usimwambie mtu hata neno moja. Si mkeo, si kinyozi wako, si mtu wa pikipiki. Nimelificha ndani ya faili iliyoandikwa MIFAGIO NA NDOO kwa sababu katika ofisi hii hakuna anayejali mifagio. Sasa wewe umefikaje hapa? Sijui. Nimeanza kuogopa na ukurasa wa kwanza haujaisha.

Naitwa Uweis. Karani wa muda, yadi ya malori ya chumvi, Gongoni. Malori manne, kila moja na matairi kumi. Yanapeleka chumvi ghalani Mariakani na kurudi matupu. Mimi naandika yanapotoka. Nelly Kavumbi, karani wa muda mwenzangu, anaandika yanaporudi. Leo asubuhi meneja wetu, Bi Hindu, ametuambia kwamba Ijumaa tarehe 28 atamthibitisha mmoja wetu kazini. Mmoja tu. Wa pili atapewa barua nzuri ya shukrani. Nyumbani ninazo barua tatu nzuri za shukrani. Mama huziweka kwenye sanduku la vyeti na hazitaji tena.

Bi Hindu akasema anamtafuta karani mwenye wazo. Nelly akasema analo: yadi inunue geji mpya ya kupimia matairi, maana hii ya zamani inasoma vilevile hata ikiwa mfukoni. Hilo ndilo wazo lake. Geji. Nilimwonea huruma.

Jioni, karibu na nyumbani Malindi, nimepita kituo cha mafuta nikaona bango: NAITROJENI KWA MATAIRI YAKO. Chini yake amesimama bwana mmoja, Tevin, amevaa ovaroli nyeupe kama daktari. Akanieleza kwamba naitrojeni haivuji ovyo, haina unyevu, haibadiliki sana na joto, na ndege zote zinaitumia. Nikauliza kama tairi likitiwa hiyo bado lapaswa kupimwa. Akasema, kaka, kupima sahau. Na wiki ya kwanza ni bure, kwa kampuni zenye nia.

Mimi nina nia.

Jumatano, 5 Novemba

Nimesoma. Nimesoma sana. Laiti ningekomea ukurasa wa kwanza.

Hewa ya kawaida, hii ninayoivuta sasa hivi kwa shida, ina naitrojeni sehemu sabini na nane kwa mia. Kwa maneno mengine Lewa, fundi wetu wa matairi, amekuwa akitia naitrojeni tangu siku alipoanza kazi, bila ovaroli na bila bango. Ile safi kabisa huvuja polepole zaidi, ni kweli, lakini tofauti yenyewe ni ndogo, mtu anayepima tairi lake kila wiki hataiona. Ni kavu, hilo ni zuri. Ndege nazo zina sababu zao, na hakuna hata moja inayopita Mariakani.

Nimeamua kuandika namba hiyo hapa na kuisahau. 78. Katika yadi hii hakuna anayeijua ila mimi.

Nimekwenda kwa Bi Hindu. Nikamtajia ndege, nikamtajia bure. Akaniangalia juu ya miwani, akasema haya, jaribu, mwanangu, lakini waarifu madereva kwa maandishi, na kwa maneno wanayoyatumia wenyewe, maana tangazo lako la mwezi uliopita kuhusu "uegeshaji", yaani kupaki tu, walidhani ni la ugonjwa.

Nilipotoka Nelly akaniomba faili ya mifagio. Mfagio wa ofisi umekatika, anataka kujua ulinunuliwa lini. Ningemnyimaje? Alikaa nayo robo saa, akairudisha, akasema mifagio iko sawa. Alikuwa anatabasamu. Alhamdulillahi, hakuona kitu.

Alhamisi, 6 Novemba

Tangazo limenichukua siku nzima. Mwanzo niliandika "hewa". Nikakumbuka agizo la Bi Hindu. Hapa Gongoni hakuna anayesema anatia tairi hewa, wote wanasema upepo. Lewa husema upepo, madereva husema upepo. Nikafuta, nikaandika kama watu wanavyosema:

TANGAZO KWA MADEREVA WOTE. Uchunguzi wa ofisi umeonyesha kwamba upepo uliomo ndani ya malori yetu ni upepo mbaya, na ndio unaoleta matatizo njiani. Jumanne tarehe 11, saa mbili asubuhi, upepo huo utatolewa wote na fundi maalumu kutoka Malindi. Madereva wahudhurie. Msiwe na hofu.

Nimeisoma mara tisa. Hakuna kosa hata la nukta. Nikapiga mhuri.

Ijumaa, 7 Novemba

Mzee Mwaringa amekuja ofisini. Ndiye dereva wetu mkongwe, mtu wa Ganda, hana maneno mengi. Nikampa shikamoo. Akaitikia, lakini macho yalikuwa ukutani kwenye tangazo. Akaniuliza kama mhuri ule ni wa ofisi kweli. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kweli ofisi imechunguza. Nikasema nimechunguza mwenyewe, kwa saa tatu. Akauliza ni lori lipi limezidiwa. Nikasema yote, ila lake huenda zaidi, kwa kuwa ndilo la zamani.

Akakaa kitini bila kukaribishwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema mwaka wa nane huu lori lile humvuta kushoto kila akifika Kaloleni. Kumbe.

Kisha akataka kujua habari za huyo fundi. Nikamweleza: ni wa Malindi, huvaa nyeupe tupu, huja na mtungi wake. Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia jambo analolifahamu. Akauliza kama fundi atahitaji kuku.

Nikadhani anazungumzia chakula cha mchana. Nikaguswa sana. Nikasema kuku ingekuwa heshima kubwa. Akauliza wa rangi gani. Nikafikiri anataka kujua kama ni wa kienyeji au wa kisasa, na sikutaka kumgharimu mzee wa watu. Nikasema mweupe anatosha.

Madereva wetu ni watu wema. Nilikuwa nikiwaogopa bure.

Jumanne, 11 Novemba

Nimechoka. Nitaandika kwa ufupi.

Saa moja na nusu nimefika yadi nikakuta watu kama hamsini. Wengine ni wachota chumvi wa jirani, wengine siwajui. Mama Mbeyu, mkewe Mzee Mwaringa, ametoka Ganda na wanawake watatu, kila mmoja na kayamba lake. Ubani ulikuwa unafuka chini ya lori la kwanza, karibu na tangi la dizeli. Kuku mweupe amefungwa miguu kwenye bampa. Ananitazama.

Saa mbili kamili akaingia Tevin. Ovaroli nyeupe. Mtungi begani. Watu wakampisha njia kwa adabu kubwa, na yeye, maskini, akadhani huo ndio ukarimu wa wateja wa pwani.

Akafungua tairi la kwanza. Upepo ukatoka kwa mlio mrefu, ssssss, na makayamba yakaitikia. Tevin akaruka. Mama Mbeyu akasogea karibu na tairi, akauliza kwa sauti ya upole lakini thabiti: "Jina lako nani, na unataka nini?"

Tevin akajibu kwamba anaitwa Tevin, ametoka Kitengela, na anataka sahihi ya meneja.

Mama Mbeyu akawageukia wenzake, akasema ameona pepo wengi, wa kutaka marashi, wa kutaka kanga, wa kutaka pete, lakini wa kutaka sahihi hajamwona. Ngala, dereva wa lori la pili, akasema basi huyo ni wa serikalini, na wa aina hiyo hatoki leo wala kesho, mtaambiwa mrudi Jumatatu.

Hapo Bi Hindu alikuwa ameshatoka nje. Akauliza ni nani aliyewaita watu hawa. Watu hawa wote wakaniangalia. Nelly akabandua tangazo ukutani, akalisoma kwa sauti, kwa hisia, akatua pale kwenye "Msiwe na hofu".

Nikajieleza. Nikasema upepo maana yake ni upepo. Mzee Mwaringa akasema yeye ni mtu wa kanisa na hapigii lori ngoma. Lakini ofisi ndiyo iliyoandika kwamba lina upepo mbaya, ikapiga mhuri, ikamwita fundi, ikamchagua na kuku. Yeye ni nani abishane na mhuri? Na hakuna dereva wa kukalishwa, mpaka Mariakani, juu ya kitu ambacho ofisi imeshakikiri kwa maandishi.

Hoja ilikuwa nzuri kuliko tangazo.

Kisha Nelly, taratibu kabisa, akaniuliza: "Uweis, hebu tusaidie wewe uliyesoma. Hewa ya kawaida ina naitrojeni kiasi gani?"

Nimelelewa kujibu swali nikiulizwa. Nikajibu. Sabini na nane kwa mia.

Bi Hindu akavua miwani. Akasema kwa hiyo asubuhi nzima tunatoa naitrojeni ili tutie naitrojeni. Nikasema inayoingia ni safi zaidi. Lewa, aliyekuwa ameketi juu ya rimu akinywa chai yake, akasema na yeye ataanza kuvaa nyeupe.

Uamuzi: malori mawili, la Ngala likiwamo, yatiwe naitrojeni, kwa kuwa ni bure. Mawili, la Mzee Mwaringa likiwamo, yabaki na upepo wa Lewa. Geji mpya ya Nelly inunuliwe leo leo. Tarehe 28 matairi yote yapimwe, na geji ndiyo itakayoamua nani athibitishwe. Hayo ameyasema mbele ya watu hamsini na kuku mmoja.

Tevin ameondoka na kuku. Alipewa, akapokea.

Kinachonisumbua si hilo. Nelly aliipata wapi namba ile?

Ijumaa, 14 Novemba

Matairi ya naitrojeni yamepewa vifuniko vidogo vya kijani kwenye midomo yake. Yanapendeza. Nimemwagiza Ngala kwamba matairi yake hayapimwi, hayaguswi, na asithubutu kuyatia upepo wa barabarani hata kama atabembelezwa. Ngala akasema kutopima ni kazi anayoiweza.

Mzee Mwaringa yeye kila asubuhi anazunguka lori lake. Tairi moja moja. Analigonga kwa kipande cha mbao, anasikiliza, anapima kwa geji ya Nelly, anamwita Lewa aongeze kidogo. Nimemuuliza kwa nini. Akasema ofisi ilisema upepo wake ni mbaya, ofisi haijakanusha, kwa hiyo hauamini hata kidogo. Hatauacha bila kuuangalia mpaka apate barua nyingine yenye mhuri.

Nimemwachia. Anajichosha bure.

Jumatano, 19 Novemba

Saa tano asubuhi simu ya Ngala. Yuko Kaloleni, tairi la nyuma limelala. Fundi yuko hapo hapo, hatua kumi, lakini yeye hathubutu, karani amekataza upepo wa barabarani. Chumvi inasubiri. Mvua inakuja.

Nikamwambia Bi Hindu naumwa na jino. Pikipiki, gari, pikipiki. Nimefika nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Msumari. Msumari wa kawaida, kama kidole cha mtoto. Naitrojeni safi ilikuwa imetoka kwenye tundu lile lile ambalo upepo wa Lewa ungetokea. Sikuwa nimelifikiria hilo. Tevin hakuwa amelitaja.

Nikamuuliza fundi wa Kaloleni, kwa sauti ya chini, kama anayo naitrojeni. Akaniangalia kutoka viatuni hadi kichwani. Akasema anao upepo wa aina mbili, wa asubuhi na wa jioni, nichague. Ngala akacheka mpaka akashika bampa. Nikasema wa asubuhi.

Akaziba tundu, akajaza, akapima, akapima tena. Nikarudisha kifuniko cha kijani kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamsihi Ngala anyamaze. Akasema anyamaze nini, karani, tairi si limejaa.

Hakuna mwingine anayejua. Nimeandika hapa tu, nyuma ya mifagio.

Alhamisi, 27 Novemba

Kesho ndiyo siku. Mama ameuliza asubuhi kama apishe nafasi kwenye sanduku. Nikajifanya sijasikia.

Ngala amechelewa kurudi. Lori lake lilizuiwa likienda, kwenye mizani ya barabarani, limezidi uzito. Nilipokuwa naandika taarifa hiyo mkono ukasimama wenyewe. Nimepata wazo. Nimeogopa kulitazama, nikalitazama kidogo.

Uzito. Hata upepo una uzito. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha: matairi kumi ya lori yaliyoshiba yana upepo wa karibu kilo kumi na tano. Sasa heliamu, ile gesi ya maputo ya harusi, uzito wake ni sehemu moja tu kati ya saba za upepo. Lori litapungua kilo kumi na tatu na litafika kwenye mizani likiwa jepesi kama bibi harusi. Kilo kumi na tatu ni robo ya gunia la chumvi.

Maputo. Sitamwambia mtu.

Nelly ameomba tena faili ya mifagio. Wanawake wanajali usafi, nimeona. Nimeomba nimbebee mwenyewe, akasema hapana, asante, si nzito.

Ijumaa, 28 Novemba

Wamepima. Bi Hindu amesimama na daftari, Nelly na geji, Lewa na chai.

Lori la Mzee Mwaringa: matairi kumi, yote namba ile ile. Utadhani yamezaliwa siku moja. Lile la pili la upepo wa Lewa linakaribia, dereva wake alianza kumwiga mzee wiki iliyopita.

Malori ya vifuniko vya kijani: yote yamepungua kidogo kidogo, kila tairi kwa namna yake, kwa sababu kwa siku kumi na saba hayakuguswa na mtu. Si sana. Lewa mwenyewe amekiri kwamba upepo wake, ukiachwa hivyo bila kuangaliwa, ungepungua zaidi kidogo. Nilitaka kumkumbatia. Lakini hakuna upepo ulioachwa.

Isipokuwa tairi moja la nyuma, la Ngala. Limejaa barabara. Bi Hindu akainama kulitazama, akasema hili ndilo linaloonyesha naitrojeni ni kitu gani, hongera Uweis. Nikasema asante.

Nelly akauliza, bila kunitazama, kama Kaloleni kulinyesha siku ile jino liliponiuma.

Nilikohoa. Nilikohoa kwa muda mrefu, kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Bi Hindu akamtazama Ngala. Ngala akasema yeye aliambiwa anyamaze na amenyamaza vizuri, ila kama anaulizwa, ule ulikuwa upepo wa asubuhi.

Basi. Nelly amethibitishwa. Watu wamempigia makofi, Mzee Mwaringa amempa mkono, na mimi nikampa mkono, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Nilisubiri barua yangu ya nne. Bi Hindu akaniita kando. Akasema, mwanangu, wewe si mvivu, na mwivi wala si mwivi, una akili inayokutoroka tu. Ameniongezea miezi mitatu ya muda, nikiwa chini ya Nelly. Kazi yangu: kila asubuhi nipime matairi arubaini kwa geji mpya na kuandika. Akasema tairi likipimwa kila asubuhi hata ukilitia moshi wa ubani litafika Mariakani, na lisipopimwa hata upepo wa peponi hautalisaidia. Na kuanzia leo ni marufuku kwangu kuandika neno "upepo" kwenye karatasi yoyote yenye mhuri.

Mama nimemwambia nimeongezewa majukumu. Amefunga sanduku.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimepima arubaini. Mgongo unaniuma. Mzee Mwaringa alinifuata nyuma akipima upya yale niliyokwisha kupima. Akasema si kwamba haniamini, karani, ni mhuri tu bado haujakanusha.

Nimetafakari sana na nimeona kosa langu lilipokuwa. Kosa lilikuwa naitrojeni. Nilichagua gesi isiyofaa. Nikiwa na heliamu nisingekuwa hapa. Vitabu vinasema huvuja haraka kuliko zote, lakini hilo ni jambo dogo, nitalishughulikia baadaye.

Jambo la ajabu: leo Nelly ameniuliza kama siku yangu ya kuzaliwa inakaribia, maana anamjua mtu anayeuza maputo Watamu. Sikuwa nimemwambia mtu habari za maputo. Ni sadfa tu, na sadfa ya kheri.

Kwa hiyo wewe uliyeshika daftari hili, na ambaye umenyamaza kama nilivyokusihi, nisaidie. Kama unamjua huyo mtu wa Watamu, au mwingine mwenye mtungi mkubwa, nitafute. Simu ya ofisi usipige, Nelly ndiye hupokea. Nyumbani usije, Mama atadhani umeleta barua. Njoo yadi Gongoni asubuhi, lango la nyuma, utanikuta nimeinama kwenye tairi. Usiponikuta, andika jina lako na bei kwenye kijikaratasi, ukitie katika faili ya MIFAGIO NA NDOO. Hapo ni salama, sijawahi kupoteza kitu. Mlinzi akikuuliza umefuata nini, sema umekuja kwa habari ya ndoo.

Vaa nguo za rangi yoyote isipokuwa nyeupe. Mtungi uufunike. Na mbele ya madereva usitaje upepo.